Jenereta Limo Kwenye Orodha

Ofisi yetu haiwezi kuhamisha meza kutoka dirishani kwenda mlangoni bila kuunda kamati. Kwa hiyo Mama Hana alipostaafu mwezi wa sita na tukaamua kwa kauli moja kumpeleka Unguja kumuaga, yeyote aliyewahi kukaa nasi kwenye kikao angejua kitakachofuata. Iliundwa Kamati ya Safari. Kamati ya Safari ikazaa Kamati Ndogo ya Mizigo, na hiyo ndogo ndiyo iliyokuwa na wajumbe wengi zaidi.

Mama Hana alikuwa mhudumu wetu kwa miaka thelathini na mmoja. Ukisafiri kikazi, yeye ndiye anayekujazia chupa ya chai, anayekumbuka mwavuli wako, anayekukimbilia hadi getini na chaja uliyoiacha mezani. Yeye mwenyewe safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Morogoro, na alikwenda msibani. Bahari alikuwa hajawahi kuiona. Siku tulipomtangazia Unguja alikaa juu ya ndoo ya kudekia, akacheka, kisha akalia, kisha akauliza kama huko kuna mahali mtu anaweza kusimama miguu ikalowa bila kuzama.

Jumapili iliyofuata, kanisani kwao Makutupora, aliitwa mbele akaombewa safari ya majini. Kwaya ilimwimbia. Majirani anaolima nao zabibu walimwagiza kombe za baharini, kila mtu na ukubwa wake. Mtu aliyeombewa hivyo hawezi kurudi nyumbani siku ya safari na kusema imeshindikana. Atawaambia nini wale watu?

Mwenyekiti wa Kamati Ndogo alikuwa Bwana Gerson, ofisa manunuzi, mzaliwa wa Singida, ambaye bahari aliijua kwenye kalenda za ukutani. Mimi, Anastazia wa masjala, nilikuwa katibu. Mtu pekee katika ofisi nzima aliyezaliwa Unguja ni Halfani, dereva wetu, na yeye hakuwekwa kwenye kamati kwa sababu dereva si ofisa. Aliruhusiwa kusimama mlangoni.

"Maji ya bahari ni ya chumvi," Bwana Gerson alifungua kikao. "Tusije tukafa na kiu huku tumezungukwa na maji."

Tukapitisha katoni kumi na mbili za maji ya kunywa.

"Pili, baridi. Ikiwa hapa Dodoma, nchi kavu, mwezi wa saba tunatetemeka namna hii, juu ya maji itakuwaje?"

Swali lilikuwa na sura ya kitaalamu. Tukapitisha blanketi, moja kwa kila mtu.

"Bwana Gerson," Halfani alisema kutoka mlangoni, "Unguja kuna joto. Na maduka yapo. Maji yanauzwa."

"Asante, Bwana Halfani. Wewe utatusaidia barabarani."

Tukaendelea kupitisha. Majiko mawili ya mkaa na gunia la mkaa. Viti vya plastiki, kwa sababu mchanga una wadudu. Mipira ya ndani ya matairi kutoka kwa mafundi wa Kizota, ya kuelea nayo, na hiyo ilipangwa kwa vyeo: ofisa wa kawaida mpira wa gari dogo, ofisa mwandamizi wa lori, mkuu wa idara wa trekta. Brightness wa kompyuta, ambaye kwa wiki nzima alikuja kazini na kofia ya ufukweni ili aizoee, aliomba taa kubwa za kupigia picha. Taa zinahitaji umeme. Bwana Gerson akasema yeye mwenyewe atakodi jenereta kwa jina lake.

"Umeme upo Unguja," Halfani alisema.

"Ukikatika?"

Halfani akaenda zake kuosha gari.

Kamati haikusahau hata kitu kimoja. Kulikuwa na bango la mita tatu lenye picha ya Mama Hana na maneno ASANTE MAMA. Kulikuwa na keki yenye jina lake, ndani ya boksi lenye barafu. Na kulikuwa na kanuni, ambayo Bwana Gerson alinisomea herufi kwa herufi niiandike kwenye muhtasari: kila kitu kitakuwa na mhusika, mhusika atatia saini, na mhusika hataachana na kitu chake mpaka kirudi ofisini.

Orodha ya watu niliachiwa mimi, kwa sababu watu hawana uzito kwenye vikao vyetu. Nilifanya ninavyofanya siku zote: nikafungua daftari la mahudhurio, nikanakili majina. Yakatoka ishirini na saba. Kwenye namba kumi na nne palikuwa na mstari mwekundu, na mstari huo niliuchora mimi, ile Ijumaa Devota Chilewa, yaani Mama Hana, alipostaafu. Utaratibu ndio unavyotaka. Mtu akistaafu anapigwa mstari.

Sitadanganya. Niliona. Nilipofika kumi na tatu nikarukia kumi na tano, mkono wenyewe ulisita. Lakini karatasi ilikuwa inasubiriwa, muhuri uko mezani, na Bwana Gerson ni mtu wa kuuliza maswali kumi kwa kosa moja. Nikajiambia kamati itaona. Kamati ilitia saini. Gari dogo la abiria tulilokodi lilikuwa na viti ishirini na nane, kiti kimoja kikabaki wazi, na kamati haipendi kitu kiwe wazi. Wakakipa jenereta.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa uwanjani pa ofisi, upepo unakata masikio. Upakiaji ulichukua saa nzima. Mizigo ilijaza juu ya gari, ikajaza chini ya viti, kisha ikajaa kwenye njia ya katikati kiasi kwamba aliyekaa nyuma hakuweza kutoka mpaka wa mbele yake wote watoke. Jenereta lilikaa kiti cha mwisho, likiuziba mlango wa nyuma, limefungwa mkanda. Bwana Gerson alikuwa amevaa kaptula ya maua, miwani myeusi na kofia ya ukindu, magoti yamepauka kwa baridi. Mimi nilikuwa pembeni ya jenereta, na sanduku langu la jozi tatu za viatu miguuni.

Mama Hana akatokea getini. Alikuwa amevaa gauni la kitenge jipya, mkononi kikapu kimoja na mkoba. Basi. Mizigo yake yote ungeweza kuipakata.

"Mbukwenyi," alitusalimia Kigogo chake, na sisi tukamwitikia, "Shikamoo, Mama," kupitia madirishani.

Bwana Gerson alisimama mlangoni na orodha. Alishuka nayo kidole mpaka chini, akapanda nayo mpaka juu.

"Mama Hana, humo kwenye orodha."

Mama Hana alicheka kidogo, akidhani ni utani. Kisha akamtazama usoni akaona si utani.

"Baba, si ndiyo safari yangu?"

"Ni safari yako kabisa, Mama. Hilo hakuna anayelipinga. Ila orodha imefungwa, ina muhuri, na viti vimejaa."

"Kile kule nyuma kina nini?" Halfani aliuliza kutoka kwenye usukani.

"Jenereta."

"Lishushe."

"Jenereta limo kwenye orodha," alisema Bwana Gerson.

Ndugu msomaji, ikaitishwa kamati. Pale pale, mlangoni pa gari, injini inaunguruma. Ikaazimiwa kwamba Mama Hana apigiwe simu ya video wakati wa kukata keki, na aletewe kipande. Wanaoafiki wanyooshe mikono. Ikanyooshwa. Na wangu ulikuwemo, juu ya vichwa vyote, na mpaka leo nikiutazama mkono huu naona aibu.

Mama Hana alisimama, kikapu kwenye kiwiko. Nilingoja alie. Hakulia. Alifungua mkoba, akatoa bahasha ya kaki.

"Sawa, wanangu. Basi mchukue vitambulisho vyenu. Bandarini hawakati tiketi bila kitambulisho."

Gari zima liliganda. Ilikuwa hivi: Alhamisi Bwana Gerson alikuwa amempigia simu kwao Makutupora, mstaafu wa watu, aje kuchukua vitambulisho vyetu kwenda kuvitolea nakala, maana kati yetu hakuna aliyejua duka lenye mashine nzuri. Nakala alizirudisha. Vitambulisho hakuna aliyevikumbuka, kwa sababu kukumbuka ilikuwa kazi yake.

"Leta nivigawe," alisema Bwana Gerson.

"Hapana, baba. Kila mtu ashike chake kwa mkono wake. Visije vikachanganyika."

Akaanza kuita majina, taratibu, moja moja, akimtazama kila mtu mpaka amalize kumtazama. Aliyeitwa kutoka nyuma hakuweza kupita, ikabidi wa mbele washuke kumpisha. Akaitwa mwingine, wakashuka wengine. Brightness alishuka na kofia yake, akapokea, akashindwa kuinua macho. Mkuu wa idara alishuka. Hakuna aliyepanda tena, kwa sababu kupanda ilikuwa kupita mbele ya yule mama. Nilipoitwa mimi nilipokea kwa mikono miwili na bado nikaona haitoshi.

Watu wakiwa wote nje wanatetemeka, Halfani alizunguka nyuma, akafungua mlango, akafungua mkanda, akalishusha jenereta peke yake na kuliweka chini kwa adabu.

Kwenye bahasha kilibaki kitambulisho kimoja.

"Devota Chilewa," Mama Hana alijiita. "Nipo."

Akapanda kwa mlango wa nyuma, akakaa, akajifunga mkanda.

"Jenereta!" Bwana Gerson alipiga kelele.

"Hili hapa," Halfani alisema. "Zima kabisa."

"Haliwezi kubaki! Lina saini!"

Alitutazama mmoja mmoja akitafuta wa kumwambia Mama Hana ashuke. Alipata watu ishirini na sita wanaosoma vitambulisho vyao kama wameviona leo. Akanigeukia mimi. "Katibu! Kamati inasemaje?"

Muhtasari ulikuwa kwenye mkoba wangu. Nikaufungua, na kwa mara ya kwanza katika safari ile nilifurahi kuwa katibu.

"Mhusika wa jenereta," nikasoma, "ni Bwana Gerson. Na mhusika hataachana na kitu chake mpaka kirudi ofisini."

"Mlinzi atalitunza!"

"Mlinzi hayumo kwenye orodha," alisema Halfani.

Karakana ya Kizota, lilikokodiwa jenereta, hufunguliwa saa tatu. Tulimwacha Bwana Gerson amekaa juu ya jenereta, uwanjani, na kaptula yake ya maua. Brightness alimrushia blanketi kupitia dirishani, na hilo ndilo blanketi pekee katika yote lililopata kazi. Alisema atatufuata kwa treni. Tulipofika Gairo alikuwa ameshatuma ujumbe kwenye kundi la simu kwamba kikao cha tathmini ni Jumatatu.

Kiti changu kilikuwa kile kile, pembeni ya kiti cha mwisho. Mama Hana alikuwa ameweka kikapu mapajani, anamenya karanga, anatazama milima kwa utulivu. Nilijua lazima niseme, nikawa natafuta pa kuanzia tangu Gairo mpaka karibu na Dumila.

"Mwanangu Anastazia," akanitangulia. "Lile daftari la mahudhurio nimelifuta vumbi miaka thelathini na mmoja. Alhamisi nilipokuja kuchukua vitambulisho, lilikuwa wazi mezani kwako, na orodha ya safari juu yake. Nikasoma yote mawili."

Alikuwa anajua tangu Alhamisi. Akarudi Makutupora, akapiga pasi gauni, akaja.

"Mstari umenyooka vizuri," alisema.

Nilitaka kusema samahani, Mama. Badala yake, sijui ni shetani gani, nikasikia mdomo wangu unasema, "Nilitumia rula."

"Najua," alisema Mama Hana, akanitilia karanga kiganjani. "Rula hiyo nilikuletea mimi."