Raizoni za Ursula

Jumapili saa kumi jioni, dansi la bugi likiwa limekolea katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Mukendo, askari waliingia kukagua vitambulisho vya kazi. Ilikuwa 1983. Mwanamke asiye nacho aliitwa mzururaji, na cherehani ya nyumbani, kama ya Ursula, eti haikuwa kazi. Kazi gani basi, kama si ile?

Ursula na dada yake Hyasinta walitumia kitambulisho kimoja, cha Hyasinta, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Kila ukaguzi Hyasinta alikionyesha, kisha akakipitisha chini ya meza, na Ursula akaziba picha kwa kidole gumba. Siku hiyo askari walikuwa wakali. Ursula aligonga sakafu mara mbili kwa kiatu, ishara yao ya kukiomba. Hyasinta akaogopa, akabaki nacho.

Ursula alipakiwa kwenye lori la kupeleka wazururaji mashambani, miguu mitupu. Raizoni zake nyekundu, viatu vya soli nene, zilibaki zikicheza. Bendi ilipoona bado kuna mchezaji, iliendelea.

Ursula hakurudi, na tangu hapo zilicheza kila Jumapili. Muharami, mlinzi wa mlango, alipiga deki akizizunguka. Wageni wa Bunda waliambiwa tu wasizikanyage. Mama yao, kule Bukima, alimuulizaga Hyasinta jambo moja tu: "Mwenzio yuko wapi?"

Mwaka 1994 kiwanda kilifungwa. Vitambulisho havikuulizwa tena, na ukumbi ukapata mwenyewe mpya na taa za disko. Hyasinta, sasa muuza mitumba, alizibeba raizoni hadi ofisi ya mkoa kumuulizia mdogo wake. Zilicheza juu ya meza. Karani Masatu alisogeza kidau cha wino zisikimwage.

"Namba ya kitambulisho chake?"

"Hakuwa nacho, baba. Si ndiyo maana walimchukua?"

Masatu alipekua daftari bila haraka. "Sasa mama, walioandikwa ni wenye namba. Huyu hayumo. Asiyekuwemo hajapotea."

Jumapili iliyofuata Hyasinta alizirudisha ukumbini, akakaa meza ileile. Raizoni ziliacha kucheza, zikaja kusimama chini ya meza. Ya kushoto iligonga sakafu mara mbili.

"Hiki hapa, mdogo wangu," alisema. "Nisamehe."

Akainama, akanyoosha kitambulisho kikuukuu cha kiwanda kisichokuwepo tena. Alikaa hivyo mpaka Muharami alipokuja kufunga madirisha, na hakuna mkono uliokipokea.