Maziwa ya Ndama

Mama Mansukh alinikuta zizini naijaza ngozi ya ndama nyasi kavu nilizochomoa paani. Malishoni hapakuwa na nyasi. Nzige hawakubakiza kitu Magu nzima.

"Masalu, maziwa yako wapi? Mtoto hajanywa tangu jana!"

Savita huyo, mke wa Chandrakant mwenye duka. Hajawahi kukanyaga kwangu. Tangu homa imkaushe maziwa ya kifuani, nilikuwa nampelekea ya ng'ombe kila asubuhi, ya mtoto na ya chai yake, naye anakipokea kibuyu kwa ncha za vidole, eti nanuka nyama. "Hakuna kiumbe kilichokufa kwa ajili ya tumbo langu," alikuwa akijigamba. Nami namezea tu. Leo kanikuta na ngozi mkononi, na nyama inachemka jikoni.

"Ndama amekufa," nikamwambia. "Mama yake asipomwona hashushi maziwa. Ndiyo namtengenezea mwana wa uongo."

"Umemchinja?"

Loh! Hasira zikanipanda. "Nimchinje ndama wangu wa pekee, nina wazimu? Kafa kwa njaa! Ng'ombe mwenye maziwa kabaki mmoja. Nilimnyima ndama, nikakuletea wewe. Maziwa yake kayanywa huyo uliyembeba."

Akageuka aondoke. Moyo ukanipasuka, maana yule mtoto hata kulia alikuwa hawezi tena, anafungua mdomo tu.

"Mama Mansukh! Ukiondoka naye hivyo, unamuua!"

Akasimama. Nikamwekea ng'ombe ile ngozi mbele. Akainusa, akageuza kichwa. Nikavuta chuchu, wapi! Savita akanikabidhi mtoto, akachota chumvi yangu ya kumvutia ng'ombe alambe, akapiga magoti kwenye samadi na sari yake, akaipaka ile ngozi kwa viganja vyake mwenyewe.

"Nisamehe, mama," akamwambia ng'ombe, machozi yanamtiririka. "Nisamehe."

Ng'ombe akaanza kulamba. Maziwa yakashuka.

Mtoto alikunywa mpaka akapaliwa. Yaliyobaki nikamsogezea Savita, maana naye alikuwa amekonda. Akakisukuma kibuyu.

"Ni ya huyu tu. Mimi basi, siyanywi tena."

Alipokuwa anatoka, harufu ya jikoni ikamfikia. Nikajiandaa kutukanwa.

"Ile nyama kaile, Masalu," akasema. "Yote. Usitupe hata kipande, asiwe amekufa bure."

Niliila yote siku ile, na kila kipande kilinikwama kooni.