Matundu kwenye Sahani ya Cansilde

Mwaka 1999 tulikuwa mafundi wawili katika maabara ndogo ya magonjwa ya mimea, Gisenyi: mimi, Wellars, na Cansilde. Mkuu wetu, Damascène, alitafuta virusi vinavyoshambulia bakteria wa majani ya maharage. Alisema atakayevipata, jina lake litakuwa la kwanza kwenye ripoti. Nililiona langu pale juu tayari.

Tuliosha majani yaleyale ya maharage kutoka mashamba ya Mahoko, kisha kila mmoja akaondoa bakteria kwenye maji yake kwa njia yake. Mimi nilitia klorofomu, matone matatu, kama nilivyofundishwa Goma. Cansilde aliumwa kichwa na harufu hiyo, akatumia kichujio, polepole kama mtu anayechuja uji wa mgonjwa. Nilimcheka.

Mwezi wa tatu wa kazi hiyo, utando wa bakteria aliouotesha kwenye sahani yake na kuutonea maji yale ukatoboka matundu maangavu, dalili ya virusi. Wa kwangu ulikuwa mzima kama blanketi jipya.

"We Wellars, unaangalia nini?" akasema. "Sahani yangu haiko foto ya bibi arusi."

"Umeingiza uchafu."

"Bon. Onyesha."

Siku hiyo nilitafuta kosa kwenye sahani yake, nisilione. Kila aliyempongeza alinichoma mimi. Kesho yake nikamwambia Damascène, Cansilde akisikia: "Tutie klorofomu kwenye maji yake. Virusi vya kweli vitavumilia."

Damascène akaweka nusu ya maji kando. Nusu nyingine nikaitia matone matatu mwenyewe.

Asubuhi sahani ya nusu yangu haikuwa na tundu hata moja. Nilicheka kwa sauti.

Damascène akainua sahani ya nusu aliyoihifadhi: matundu tele.

"Klorofomu inayeyusha mafuta," akasema. "Hii virusi iko na koti ya mafuta. Haiko ya kawaida. Na za kwako, Wellars, miezi yote hii, umeziua we mwenyewe."

Majibu ya vipimo vilivyofanywa nje ya nchi yalikuja baadaye: virusi vile vilibeba RNA, ilhali karibu vyote tulivyovijua vilibeba DNA. Vilikuwa vipya.

Damascène akanipa karatasi niandike ripoti, kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka. Nikaandika jina la Cansilde. Alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Na la kwako liko wapi?" akauliza.

"Weka la pili," akasema Damascène. "Jaribio la klorofomu ni lako."

Nikaliandika. Tangu siku hiyo, kila nikiufungua ukurasa ule, macho yangu huanzia mstari wa pili.