Jina la Zenon kwenye Kifuniko

Siku ya kuanua matanga, cherehani ilitolewa nje kabla hata masufuria hayajaoshwa. Kasimiri, mdogo wa marehemu, aliiweka katikati ya uwanja pale Kasense, upepo ukipuliza, kifuniko chake cheupe kikipepea juu. Gaudiosa, mjane, alikuwa amekidarizi mwenyewe: waridi jekundu kila pembe, na katikati, kwa kumheshimu mumewe kama wanavyofanya wake wengine wa jumuiya, akaandika kwa uzi wa bluu, MALI YA ZENON. Laiti angejua!

"Shemeji, hiyo ni yangu," alisema. "Niliinunua kwa ulezi wangu."

"Ulezi ulioulima kwenye shamba la nani?"

"La mume wangu. Lakini jembe nilishika mimi."

"Basi." Kasimiri akakivua kifuniko, akampa mwenyekiti wa mtaa. "Mzee, tusomee."

Mwenyekiti, ambaye shuka zake zote zilidariziwa na mama huyu huyu, alifuta povu la pombe mdomoni akasoma polepole.

"Mama, nani alidarizi hapa?"

"Mimi, baba, lakini..."

"Umesema mwenyewe. Mali ya marehemu inarudi kwa ndugu zake."

Wanawake kwenye masufuria waliinamisha vichwa. Nusu yao walikuwa na vifuniko kama hicho nyumbani.

"Watoto nitawalisha nini?" Gaudiosa alipiga kelele.

"Watoto ni wa ukoo. Wewe kwenu si kule kijijini Msanzi?" Kasimiri akamtupia kitambaa kipya cheupe. "Binti yangu Albina anaolewa Jumamosi, cherehani ndiyo zawadi yake. Mdarizie kifuniko kabla hatujaipakia."

"Sitaki!"

"Haya. Funga virago leo, wanao wabaki hapa."

Jamani! Gaudiosa aliwatazama wanawe mlangoni, kisha akaketi kwenye cherehani. Akabana kitambaa kwenye duara la mbao, akakanyaga pedali. Waridi la kwanza likatoka, la pili, yote manne. Akaanza herufi za katikati, machozi yakimdondokea vidoleni. Baada ya MALI YA akasimamisha mguu.

"Niandike Albina?"

Kasimiri akacheka mpaka akakohoa. "Albina ni mwanamke! Andika Abel, jina la mumewe."

Albina alikuwa amesimama pembeni, mikono ina hina mbichi ya harusi. Alisogea, akashika ncha ya kitambaa kwa viwiko ili upepo usikipeperushe.

"Uzi wa bluu, mama mkubwa," alisema kwa furaha. "Kama wa baba mkubwa."