Wakubwa wa Darini

Mkutano wa Jumatatu ulianza kwa chai, na jambo la kwanza mezani lilikuwa breki. Mhandisi aliyeibuni, mwanamke aliyekunja mikono ya shati mpaka viwikoni, aliileta mwenyewe ikiwa imefungwa kwa taulo kuukuu, akaiweka kati ya chupa ya chai na sahani ya biskuti. Ilikuwa na ukubwa wa sufuria ya wali wa watu wanne.

Kampuni ile ilitengeneza lifti, na lifti zake zilikuwa kwenye majengo mengi ya mji. Zote zilitumia breki ya zamani, ambayo watu wakizidi kidogo ilikuwa na tabia ya kuteleza. Lifti ilitakiwa isimame ghorofa ya tano, ikasimama kati ya ya tano na ya nne, na abiria wakatoka kwa kuvutwa mikono kama watu waliotumbukia shimoni.

"Hii haitelezi," mhandisi alisema. "Nimeijaribu kwa mifuko ya mchanga. Nimeijaribu umeme ukiwa umekatika. Naomba leo tuamue tu, tuanze kubadilisha."

Mkurugenzi aliigusa breki kwa kidole, akaisifu. Alimtazama Meneja wa Ubunifu, naye Meneja wa Ubunifu akazitazama biskuti.

"Hongera sana, Mhandisi. Kazi safi," Mkurugenzi alisema. "Tulipe muda. Tutalitazama."

Aliposema hivyo aliinuka. Hakusimama; aliinuka vilevile alivyokaa, magoti yamekunjwa, kikombe mkononi, mpaka soli za viatu vyake zikawa sawa na meza. Katibu muhtasi akasogeza biskuti zisije zikakanyagwa. Meneja wa Ubunifu akasema anaunga mkono, kwamba suala zito kama hili linahitaji tafakuri pana, naye akapanda, ila akaishia chini kidogo ya bosi wake, kwa adabu.

"Tuendelee," Mkurugenzi alisema. "Jambo la pili."

Jioni walitoka mlangoni wakiwa wameinamisha vichwa, na hawakushuka tena. Kila breki ilipotajwa, iliahirishwa, na kila ilipoahirishwa walipanda. Mvua zilipoanza, migongo yao ilikuwa tayari imegusa dari. Seremala aliitwa apigilie vishikio huko juu ili wasipeperushwe dirishani. Chai yao ilipandishwa kwa kamba na kindoo. Feni ilizimwa kwa usalama wao, kwa hiyo waliobaki chini walitoka jasho mpaka shati likaganda mwilini, lakini hakuna aliyelalamika. Koridoni watu walisema tu kwamba bosi amepanda, na kwamba mtu akishapanda ndivyo inavyokuwa. Afisa mmoja wa masoko, kijana mwenye haraka zake, alisikika chooni akijizoeza: "Tutaona. Tutaona." Alitoka akiwa amepanda juu kiasi cha upana wa kidole kimoja, na wenzake wakampa mkono wa pongezi.

Mhandisi aliendelea kufika kila Jumatatu, akaendelea kuuliza, shingo imemuuma kwa kutazama juu.

Alikuwa amelelewa na shangazi yake, fundi cherehani aliyemsomesha kwa sare za watoto wa watu. Shangazi aliishi ghorofa ya tisa, katika jengo lenye lifti ya kampuni hiyohiyo, na alipenda kuwaambia majirani kwamba lifti ni ya kwao. Siku moja alipanda akitoka sokoni, yeye na jirani mwenye mtungi wa gesi. Walipofika ghorofa ya tatu breki ikaachia. Jirani alitoka na mchubuko. Shangazi alivunjika mguu mahali pawili.

Mhandisi alimkuta wodini, mguu umefungwa plasta na kuning'inizwa, khanga imefunika mwingine.

"Nimeshuka haraka kuliko nilivyokusudia," shangazi alisema. "Hebu niambie, ile breki yako si uliniambia imekwisha?"

"Imekwisha, shangazi."

"Iko wapi?"

"Mezani, chumba cha mikutano."

"Inafanya nini mezani?"

"Inawangoja wakubwa."

"Na wakubwa wako wapi?"

"Darini."

Shangazi alijivuta vizuri kwenye mto. Habari za dari hazikumshughulisha.

"Na wewe, mwanangu, uko wapi?"

Mhandisi alimmenyea chungwa, akalimenya vibaya, akala mwenyewe nusu bila kujua.

Jumatatu iliyofuata aliwaeleza wakubwa yaliyotokea. Kutoka juu, Mkurugenzi alimpa pole ya dhati, na kwa hakika machozi yalimlengalenga. Chozi moja lilidondoka kutoka darini likaingia kwenye chai ya katibu muhtasi.

"Hili linatufundisha kutokurupuka," alisema. "Napendekeza tuunde kamati."

"Labda kwanza kamati ya kuangalia kama kamati inahitajika," Meneja wa Ubunifu alisema, na hapo dari ikalia kwa jinsi walivyoisukuma.

Mhandisi alichukua taulo, akaifunga breki.

"Unaipeleka wapi hiyo?" Mkurugenzi aliuliza.

"Kwenye lifti."

"Nani ameamua?"

"Mimi."

Aliposema hivyo, kigae kilipasuka chini ya miguu yake. Alipiga hatua, na kigae cha pili kikapasuka. Katibu muhtasi alimfungulia mlango na kumwomba apite pembeni, ambako sakafu ilikuwa imara zaidi. Ngazi zote mpaka chini zilibaki na alama za viatu vyake, kama saruji iliyokanyagwa kabla haijakauka.

Yeye na fundi mmoja wa karakana waliifunga breki katika jengo la shangazi Jumamosi mchana. Wakajaza lifti mchanga, wakakata umeme, na lifti ikatulia ilipo. Fundi alicheka kwa furaha. Mhandisi alilia, kisha akaomba maji ya kunywa.

Kampuni haikumfukuza. Ilimhamishia chini, chumba kilicho jirani na jenereta, na ikasisitiza kwamba halikuwa suala la nidhamu, ni suala la sakafu. Koridoni walisema ameshushwa. Alipoandaa breki ya pili na kuomba ruhusa ya majengo mengine, alielekezwa atoke uani aulizie huko, kwa sababu wakati huo paa lilikuwa limeshatobolewa, nao wakubwa wamehamia nje. Walikuwa wamefungwa kwa kamba kwenye tangi la maji, suti zikipepea, na hali ya hewa waliisifu sana.

"Na lifti nyingine?" mhandisi alipaza sauti.

"Tutalitazama!" sauti ilijibu, na kamba zikakaza.

Shangazi aliruhusiwa kutoka hospitali akiwa na magongo. Mhandisi alimpeleka nyumbani, wakaingia liftini pamoja. Kengele ya uzito kupita kiasi ikalia. Humo walikuwa wao wawili tu.

Shangazi alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Toka."

"Nimekuja kukusindikiza, shangazi."

"Nisindikize kwa ngazi."

Milango ikafunga. Mhandisi alianza kupanda taratibu, ukingo wa ngazi ukiguna. Alikuwa ghorofa ya kwanza tu aliposikia lifti ikitulia huko juu, sawasawa na sakafu, na magongo ya shangazi yakitoka kwa mwendo wake, bila papara.

Alisimama dirishani avute pumzi. Ng'ambo ya barabara, kwenye ukumbi wa jengo la pili, lifti ilikuwa imekwama nusu chini ya sakafu, na watu walikuwa wakitoka kwa utaratibu waliokwisha kuuzoea: kwanza alipokewa mtoto, kisha mfuko wa viazi, kisha mama wa mtoto huyo. Mlinzi aliwavuta mikono, na kila mmoja akamshukuru. Waliokuwa kwenye foleni waliingia liftini humohumo.