Kimya Juu ya Tundu

Dada yangu alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya ghala lake la unga, mdomo kwenye tundu la panya ambalo mbwa wake alikuwa amelipanua akaingia.

"Kisigino! Kisigino wee, njoo mwanangu!"

Chini ya mbao mbwa alijibu kwa kubweka, na kila alipoitwa alizidi kwenda ndani.

"Mama, si nilikuambia umfungie?" Fundi wa dawa za wadudu alikuwa mlangoni, uso umempauka. Vidonge vyake vilikuwa tayari kwenye matundu ya upande wa pili, vikitoa hewa ya sumu, na hewa hiyo ilikuwa inatambaa chini ya sakafu.

"Nilimfungia jikoni! Kachimba chini ya mlango!"

Fundi akakamata mtaimbo, akaanza kung'oa ubao. Mbwa kusikia shindo, akabweka kwa furaha kabisa.

"Acha," nikasema. "Nyamazeni wote."

Katika kuzurura kwangu nilishawahi kumfanyia kazi mfugaji wa mbwa hawa, teria, mbwa wa kuwinda wanyama mashimoni, wafupi kuliko goti. Manyoya yao magumu kama brashi kuukuu nilikuwa nayanyonyoa kwa vidole, maana ukiyakata kwa mkasi yanalainika na udongo unafika kwenye ngozi. Mkia mfupi, mnene shinani kama karoti, wa kumvutia nje. Yote hayo ni kwa ajili ya shimo. Na wafugaji wa zamani, kizazi baada ya kizazi, walizalisha yule tu ambaye akisikia watu juu yake hatoki. Anambana mnyama, anabweka, anasubiri wachimbaji wamfikie.

"Ukimwita unamwambia akaze, dada. Anadhani tunakuja kumsaidia."

"Ninyamaze, naye anakufa? Marehemu shemeji yako kaniachia huyo tu!"

"Nyamaza."

Dada huyu tangu utotoni tulimwita Redio, kwa kutonyamaza. Akauma kitambaa chake cha kichwa.

Kimya. Mbwa akabweka. Akabweka tena, taratibu, kama anayeuliza. Kisha akakohoa.

Dada akataka kuinuka. Nikamshika mkono, kucha zake zikanizama. Chini hapakusikika kitu tena. Fundi akanitazama kama mtu aliyekwisha kuzika. Hata mimi nikaanza kukata tamaa. Labda mfugaji yule alikuwa muongo.

Kitu kikakwaruza.

Tunduni yakatokea makalio, kinyumenyume, na mkia ukitetemeka. Nikaushika shinani, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Kisigino akatoka na panya mdomoni, macho yakichuruzika machozi. Tukakimbilia nje, fundi nyuma yetu, akaubamiza mlango.

Uani mbwa akamweka panya miguuni pa dada, akatapika, akajikung'uta, akageuka kuutazama mlango wa ghala.

"Hapana!" tukapiga kelele mimi na fundi.

Dada bado alikuwa ameuma kitambaa, machozi yanamtiririka.

"Sasa sema," nikamwambia.

Akakitema, akavuta pumzi.

"Mkia! Mtu mzima na mvi zako, unamvuta mwanangu mkia kama unavuta gunia! Ungekatika je?"

Fundi akaketi chini, akacheka. Dada hakunyamaza mpaka jioni.