Tuta la Verna

Dereva wa gari la kusukuma theluji anajulikana kwa kile anachokiacha nyuma yake, na Elroy Gandy hakuwa akiacha kitu. Wenzake wote waliowahi kuendesha lile pikapu la Lindgren walipita mbio mbele ya milango na bamba la chuma la mbele limekaa mshazari, na kila walipopita waliacha tuta zito la theluji limeziba mdomo wa njia ya miguu. Kulivunja tuta hilo ni kazi ya mtu wa beleshi, na mtu wa beleshi kwenye yale maduka na ofisi za juu ya kilima mjini Duluth, kaskazini mwa Marekani, alikuwa Verna Kangas. Elroy yeye alikuwa akifika mlangoni anasimama, anaukaribia ukingo polepole, anashusha bamba nyuma ya tuta na kuliburuta kinyumenyume mpaka katikati ya maegesho, kisha anaondoka nalo. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Lindgren, bosi wao, alikuwa akinung'unika kwamba jamaa anamaliza mafuta bure.

Verna hakuwahi kumshukuru kwa mdomo. Alimshukuru kwa njia moja tu: hakutupa hata chembe ya theluji kwenye lami ambayo Elroy alikwisha kuisafisha. Hiyo ndiyo dhambi kubwa ya watu wa beleshi, na wengi wanaitenda mchana kweupe bila haya. Mtu mgongo unamuuma, anageuka na kumwaga mzigo wake maegeshoni, dereva na arudie kama atapenda. Verna alibeba wa kwake wote mpaka nyuma ya vile vijiti vya rangi ya chungwa alivyovichomeka kuonyesha ukingo wa lami kabla ardhi haijaganda, akaumwaga kwenye nyasi, mbali na vichaka alivyovivika magunia kwa mikono yake mwenyewe ili upepo na chumvi ya kuyeyushia barafu visiviue.

Miaka ikapita hivyo. Verna akajikuta anaamka alfajiri bila kengele, anakwenda dirishani kutazama kama theluji imeanguka, na ikiwa haikuanguka anarudi kitandani amenuna. Mwanamke mzima, mjane, magoti mabovu, anaililia theluji. Alijua fika kwamba haililii theluji.

Elroy alikuwa mtu wa Alabama, kusini kwenye joto. Alikuja kaskazini akiwa kijana kupakia madini melini, bega likamshinda, akaishia kwa Lindgren. Majira yake ya kwanza ya baridi pale maegeshoni alishusha kioo, akainua chupa yake ya kahawa.

"Bi Verna, kahawa?"

"Hapana, niko sawa."

Elroy akafunga chupa. Verna akasimama palepale, pua imemwiva kwa baridi, akimtazama anavyokunywa peke yake, na kinyongo cha jambo hilo alikwenda nacho mpaka jioni. Ilibidi Lindgren amweke dereva wake chini.

"Huyo ukimuuliza mara moja, umemsalimia tu. Ukimuuliza mara ya pili, umeonyesha adabu. Ya tatu ndiyo unauliza."

"Na mtu akifa kwa kiu kwenye ile ya pili?"

"Wengi wamekufa," alisema Lindgren.

Ndivyo walivyo watu wa huku. Mtu njaa inamkwangua tumbo, anaikataa sahani mara mbili asije akaonekana mlafi, na mwenyeji naye analijua hilo, anaendelea kumshikia sahani usoni. Ni desturi ya kuchosha, lakini aliyezaliwa nayo haioni. Elroy akaipokea, akaifupisha. Tangu siku ile alikuwa akishusha kioo na kusema kwa pumzi moja, "Kahawa, kahawa, kahawa?" na Verna anajibu, "Hapana, hapana, haya basi, tone tu." Tone lenyewe kikombe kizima.

Kisha mama yake Elroy akafariki huko Mobile, mji wa kwao Alabama, akamwachia nyumba. Elroy akamwambia Lindgren kwamba majira haya ndiyo ya mwisho, mwezi wa tatu anarudi kwao. Verna alizisikia habari hizo akiwa ameshika ndoo ya chumvi, na akaendelea kumwaga chumvi mahali pamoja mpaka ikawa kichuguu.

Mwezi wa pili, mbele ya mlango wa daktari wa meno, kioo kikashuka.

"Nyumba ya mama ina vyumba ambavyo sijui nitavifanyia nini," alisema Elroy. Hakuwa akimtazama, alikuwa akitazama usukani. "Na bustani imegeuka pori. Saa hizi maua ya azalia yameshaanza kuchanua, hebu fikiria, na sisi tuko hapa tunapasua barafu. Twende wote, Bi Verna."

Moyo wa Verna ulipiga mpaka akauona kwenye koti.

"Aa, hapana," alisema. "Magunia atayafungua nani?"

Siku chache baadaye Elroy alimfuata mpaka kwenye sanduku la chumvi, kwa miguu, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Lile neno langu liko palepale," alisema. "Bado nauliza."

"Hapana, Elroy. Usijisumbue kwa ajili yangu."

"Nimekuelewa, mama," alisema, akagusa kofia, akarudi garini.

Jioni ile Verna alivuta sanduku la safari chini ya kitanda, akalipangusa vumbi, akatia ndani gauni la mikono mifupi ambalo hakukumbuka alilivaa lini. Akaanza kungoja ile ya tatu.

Haikuja. Elroy aliendelea kuburuta matuta. Aliendelea na kahawa, kahawa, kahawa yake, na kila kioo kiliposhuka Verna alijiambia sasa, sasa anasema, na kioo kikapanda. Alimtamani mtu ambaye bado yupo, anayemwona kila inapoanguka theluji, na hilo lilimuumiza kuliko alivyomlilia marehemu mumewe Arvo, kwa sababu Arvo angalau alimjua yuko wapi. Usiku alijiuliza labda zile mbili zilikuwa adabu tu, labda mwanamume yule alishusha pumzi alipokataliwa. Kumuuliza hakuweza. Kwa watu wake, kuomba kitu ulichokikataa ni sawa na kuingia jikoni kwa watu ukajipakulia mwenyewe. Gauni likabaki sandukuni.

Siku ya mwisho ya Elroy lile ziwa kubwa la chini ya kilima, linaloleta theluji ya huku, liliamua kumuaga. Tangu usiku ilianguka theluji ya mwezi wa tatu, yenye maji, ile ambayo beleshi moja ni kama ndoo ya saruji. Gari lake Elroy mwenyewe lilikuwa limeegeshwa mwisho kabisa, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, limefungwa turubai juu ya mizigo. Akimaliza maegesho haya anamkabidhi Lindgren funguo za pikapu, anaingia barabarani.

Alifika kwenye mlango wa daktari wa meno. Akashusha bamba, akaliburuta tuta, akaliondoa taratibu kuliko siku zote. Kisha akashusha kioo.

"Kahawa?"

Mara moja tu. Verna alingoja mbili zilizobaki, na wakati anangoja, mdomo wake ukajijibu wenyewe kama ulivyozoea.

"Hapana, niko sawa."

"Sawa," alisema Elroy kwa upole. "Imebaki kikombe kimoja, hata hivyo." Kioo kikapanda, na pikapu likaenda kusafisha kona ya mwisho.

Hapo ndipo Verna alipojua kwamba ya tatu haipo njiani. Beleshi lake lilikuwa limejaa. Alilitazama, akaitazama ile lami nyeusi, safi, inayong'aa kwa maji, kazi ya mikono ya Elroy, kisha akageuka na kuumwaga mzigo wote juu yake. Akachota tena. Alichota kutoka kwenye nyasi, kutoka kwenye marundo ya asubuhi, akamwaga beleshi baada ya beleshi kuziba njia ya kutokea maegeshoni, jasho likimtoka chini ya kofia, magoti yakimlilia. Mgonjwa mmoja aliyetoka kung'oa jino alisimama na shavu lake lililovimba akishangaa. Verna hakumjali.

Pikapu lilipokuja lilikuta tuta limefika magotini. Likasimama. Elroy akashuka.

"Bi Verna, hii nini?"

"Theluji."

"Naiona. Hapa nimesafisha sasa hivi."

"Najua."

Alimtazama, akalitazama tuta, akamtazama tena. "Nimekukosea?"

"Uliuliza mara mbili," alisema Verna. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Mara moja pale mlangoni, mara moja pale kwenye chumvi. Mbili. Halafu ukaacha."

Elroy alivua kofia. Theluji ikaanza kumwangukia kwenye upara, na hakuipangusa.

"Ulikataa," alisema. "Mara zote mbili. Kwetu mwanamke akishakataa, mtu mwenye malezi anafunga mdomo wake."

"Mbona kahawa unauliza tatu?"

"Nilidhani hiyo ni ya kahawa tu."

Verna alitaka kucheka, machozi yakatangulia.

"Ni ya vitu vyote, Elroy," alisema. "Vyote."

Nyuma ya Elroy gari la mgonjwa lilikuwa limeshawashwa na halikuwa na pa kupita.

"Kule hakuna theluji," alisema Elroy. "Sitakuwa na tuta la kukuondolea. Sijui nitakufanyia nini."

"Hilo siyo swali."

Akaishika kofia kwa mikono miwili. "Verna," alisema, na lile neno la heshima mbele ya jina likawa halipo. "Utakuja Mobile?"

Ulimi wa Verna ulikuwa umeshajipanga kwa hapana. Akaubana kwa meno mpaka ukatulia.

"Haya," alisema. "Kama siyo usumbufu."

"Siyo usumbufu."

"Lakini magunia nitayafungua mimi, theluji ikiisha. Siwezi kuviacha vile vichaka vimefungwa."

"Nitangoja," alisema Elroy. "Nikikupigia simu nitakuuliza tena, tena, na tena, usije ukasahau."

Verna akainama kuanza kuliondoa tuta lake. Elroy akamzuia kwa mkono, akarudi garini, akalikaribia tuta, akashusha bamba nyuma yake na kuliburuta kinyumenyume, polepole, kama alivyofanya miaka yote. Mwenye jino akapita akipiga honi. Verna alisimama pembeni na beleshi lake, akijua kwamba kesho theluji ikianguka mlango ule utazibwa na mtu mwingine, na kwamba atalivunja tuta hilo peke yake mpaka nyasi zionekane.

Pikapu lilipofika usawa wake alipiga kioo kwa kidole. Kikashuka.

"Naomba na ile kahawa," alisema Verna, kabla hajaulizwa hata mara moja.